Debe la damu isiyoganda

Jumamosi moja ya Februari mwaka 1933, theluji ikiwa imechachamaa, mfugaji mmoja wa jimbo la Wisconsin, Marekani, aliendesha gari karibu kilomita 300 hadi mji wa Madison. Alikuwa amebeba mtamba aliyekufa, mzigo wa majani makavu, na debe la maziwa lililojaa damu. Damu ile ilikuwa haijaganda. Ng'ombe wake walikuwa wakivuja damu ndani kwa ndani na kufa mmoja baada ya mwingine. Alikuwa akimtafuta daktari wa mifugo wa serikali, akakuta ofisi zimefungwa. Mlango aliokuta uko wazi ni wa maabara ya Karl Paul Link, mkemia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin.

Link hakuwa na dawa. Alichoweza kumwambia ni kwamba aache kuwalisha wanyama majani yale yaliyoharibika. Mfugaji akarudi alikotoka, na Link na msaidizi wake wakaanza kazi.

Huikumbuka habari hii kila ninapomsikia mtu akiuliza, kwa sauti ya aliyekwisha kujijibu, vyuo vikuu vya umma vinatafiti nini na kodi zetu. Swali lenyewe si baya. Fedha ni za wananchi na wana haki ya kuhoji. Ninachokataa ni haraka ya kutaka jibu. Ilimchukua Link na wenzake miaka 6, hadi 1939, kupata chembe safi za kemikali iliyokuwemo kwenye majani yale, iliyokuwa ikizuia damu kuganda. Mkaguzi angepiga hodi mwaka 1936 angekuta nini? Chupa, majani yaliyooza, sungura wa majaribio, na mishahara ya miaka 3. Angeandika "hakuna matokeo" na hakuna ambaye angembishia.

Chembe zile ndizo zilizozaa dawa za kuzuia damu kuganda. Mwaka 1948 ikatoka warfarin, kwanza kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Mwaka uliofuata alipewa Rais Eisenhower baada ya kupatwa na mshtuko wa moyo. Mpaka leo wapo watu wenye vali bandia za moyo wanaoishi kwa kidonge hicho. Hata jina lake linasema lilikotoka: WARF ni kifupi cha mfuko ulioanzishwa mwaka 1925 kusimamia hataza, yaani haki za uvumbuzi, za watafiti wa chuo kile, ili faida irudi kugharimia utafiti mwingine.

Angalau pale tatizo lilijulikana tangu mwanzo. Kuna utafiti ambao hauna hata tatizo la kutaja unapouombea fedha. Mwaka 1966 Thomas Brock, wa Chuo Kikuu cha Indiana, alikuwa akizunguka kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone akitaka kujua ni viumbe gani vinaweza kuishi humo. Basi. Hakuwa akitafuta dawa wala bidhaa. Yeye na Hudson Freeze, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, wakafanikiwa kuotesha maabara bakteria anayestawi kwenye nyuzi joto 70, wakamwita *Thermus aquaticus*, wakaweka sampuli kwenye hifadhi ambayo mtafiti yeyote angeweza kuchukua.

Mwaka 1983 Kary Mullis, akiwa kwenye kampuni ya Cetus, akabuni PCR, njia ya kunakili mara mamilioni kipande cha DNA, kemikali inayobeba taarifa za urithi. Kazi inakwenda hivi: unapasha mchanganyiko joto karibu nyuzi 95 ili nyuzi mbili za DNA ziachane, unaupoza, kimeng'enya (protini inayofanya kazi hiyo) kinajenga nakala, kisha unaupasha tena, mara 30 hivi. Kikwazo kilikuwa kimeng'enya chenyewe. Kila joto lilipopanda kiliiva kama ute wa yai, na mtu alilazimika kufungua kichupa na kuongeza kingine, mzunguko baada ya mzunguko. Kile cha bakteria wa Brock hakikuiva. Unakitia mara moja, unafunga, mashine inamaliza yenyewe. Vipimo vya UVIKO-19 vya maabara, vipimo vya kumtambua baba wa mtoto, uchunguzi wa damu iliyopatikana mahali pa uhalifu, vyote vinapita hapo. Mwaka 1991 haki za PCR ziliuzwa kwa dola milioni 300. Brock hakupata kitu, na chuo chake pia.

Sisemi hayo kuilaumu kampuni. Bila kampuni, PCR huenda ingebaki wazo zuri kwenye daftari. Lakini nionyesheni kampuni ambayo ingemlipa mtu mshahara akachote utelezi kwenye maji yanayotokota, bila kujua ataurudisha kufanyia nini. Wenye hisa hawawezi kungoja miaka 20, na siwalaumu. Umma unaweza kungoja, kwa sababu umma haufi wala haufungi hesabu zake mwisho wa robo mwaka.

Francisco Mojica wa Chuo Kikuu cha Alicante, Hispania, alikuwa akichunguza vijidudu vya kwenye mabwawa ya chumvi alipoandika mwaka 1993 kuhusu vipande vya DNA vinavyojirudiarudia bila sababu iliyojulikana. Vipande hivyo ndivyo leo tunaviita CRISPR, na kutokana navyo ikaja teknolojia ya kuhariri DNA. Mwaka 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza inayotumia teknolojia hiyo, na ugonjwa mmoja unaotibiwa ni selimundu. Miaka 30, kutoka dimbwi la chumvi hadi kwa mgonjwa ambaye kila mwezi alikuwa akilazwa kwa maumivu ya mifupa.

Na sijagusa watu. Freeze, kijana yule wa shahada ya kwanza, naye alikuja kuwa mtafiti wa magonjwa ya kurithi ya watoto. Kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyoonekana kwenye hesabu za hataza. Wengi wanaofunzwa maabara hawabaki chuoni. Wanaingia viwandani, hospitalini, mashuleni, wakiwa wamezoea kulitilia shaka jibu hadi walipime.

Kuna jambo linaloniuma. Mara nyingi nimefungua makala ya utafiti uliogharimiwa na umma nikakutana na ukurasa unaonidai malipo. Mwananchi amelipa mara moja. Kumfungia mlango ni dhuluma, na ndiko kunakomfanya aulize kodi yake imekwenda wapi.

Nikirudi kwa Link: mfugaji alipofika, mkemia yule alikuwa tayari ameanza kuchunguza klova tamu, mmea uleule uliomo kwenye mzigo wa majani, kwa sababu wenzake chuoni walitaka kuzalisha aina ambayo mifugo wangeipenda zaidi. Vyombo vilikuwepo, ujuzi ulikuwepo, na Jumamosi ile mtu alikuwa kazini. Kama fungu la maabara ile lingekatwa mwaka mmoja kabla, mfugaji angekuta mlango wa pili nao umefungwa, na angemwaga lile debe njiani.