Tukunje injini au tunyooshe reli?

Watu wakisikia kichwa cha treni cha tani 252 wanadhani uzito ndio utakaokiangusha kwenye kona. Hapana bana, uzito reli inabeba, shida ni urefu usiokunjika. Ukifunga magurudumu mengi kwenye fremu moja ngumu, kona ikija yale ya katikati hayana pa kwenda, yanasukuma reli nje, na kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika, ndio balaa zaidi maana pale treni inageuzwa ghafla na kale kaulimi kanakoigeuza ni kembamba. Wasovieti walijionea. Mwaka 1934 waliunda kichwa cha mvuke AA20 chenye ekseli 7 za kuvuta, yaani jozi 7 za magurudumu, kwenye fremu moja, ikawa inatanua reli na kuharibu pointi, ikaegeshwa miaka kibao mpaka ikakatwa skrepa 1960.

Sasa hizo tani 252 ni zile Garratt, vichwa vya mvuke, za klasi ya 59 zilizokuwa zinavuta mizigo Mombasa hadi Nairobi, ziliundwa 34 kule Manchester miaka ya 1955 na 1956, na zilipita kwenye reli yenye upana wa mita moja tu! Ukienda makumbusho ya reli pale Nairobi simama ubavuni mwa 5918, Mount Gelai, utaona sio injini moja, ni mbili, moja mbele chini ya tangi la maji, nyingine nyuma, halafu boila limening'inia katikati kama mzigo wa mzegazega. Kwenye kona kila injini inageuka kivyake, boila linaegemea upande wa ndani. Ndio maana waliweza kuweka boila nene kuliko upana wa reli mara mbili, chini yake hakuna magurudumu.

Lakini tusiipambe sana. Injini mbili maana yake silinda nne, mabomba ya mvuke yanapita kwenye viungo vinavyochezacheza, na kiungo cha mvuke kikichoka kinavuja, kazi kwa mafundi wa karakana. Halafu maji yakipungua kwenye tangi, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, yanateleza.

Upande wa pili ni SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ya 2017, hawakukunja injini, walinyoosha njia, madaraja marefu na tuta juu ya tuta, kichwa cha dizeli chenye bogi mbili, yaani vigari vya magurudumu vinavyogeuka chini yake, za ekseli tatu tatu kinapita bila taabu. Raha kweli, ila bili yake ni mkopo wa mabilioni ya dola kabla treni haijasogea hata mita.

Mimi naona Garratt ilikuwa akili kubwa kwa njia iliyokuwepo tayari, kujenga njia upya leo kwa kona zilezile ingekuwa ujinga. Ila wanaowacheka Waingereza eti mbona hawakunyoosha tangu 1896, wakumbuke njia ile ilikuwa inapanda kutoka baharini hadi mita 1,600 na ushee Nairobi, na tuta lilichimbwa kwa sururu na karai.