Jubilei ya Chuo Kikuu na Miche Iliyoachwa Kwenye Viriba

Chuo kikuu kikitimiza miaka 50 au 100 na kutangaza kuwa maadhimisho yake yatahusu mabadiliko ya tabianchi, lawama hazichelewi. Fedha za maabara, wanasema wakosoaji, zinaishia kwenye mahema, fulana na nauli za ndege za wageni, na ndege zenyewe zinachafua anga lile lile linalohubiriwa kuokolewa.

Wana hoja. Nimeona mche ukishushwa shimoni na kiriba chake hakijachanwa, udongo ukashindiliwa harakaharaka, mgeni rasmi akapigwa picha ameshika ndoo, kibao chenye jina lake kikasimikwa. Mizizi ilijizungushazungusha ndani ya plastiki mpaka mche ukakauka. Kibao bado kipo.

Ila lawama hizo zinatazama siku moja, ilhali kinachoadhimishwa ni miaka. Na katika suala la tabianchi, umri wa taasisi ni mtaji mkubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1958 Charles Keeling, mwanasayansi wa taasisi ya Scripps ya Chuo Kikuu cha California, alianza kupima hewa ya ukaa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii. Alikuta sehemu kama 315 katika kila milioni. Leo zimepita 420. Kipimo cha mwaka ule peke yake kisingetuambia kitu. Kilichotufumbua macho ni kupima bila kuchoka, mwaka baada ya mwaka.

Na kazi hiyo nusura ikatike. Mwaka 1964 bajeti ilipunguzwa, upimaji ukasimama kwa miezi kadhaa. Pengo lile limo kwenye kumbukumbu hadi leo, na hakuna fedha inayoweza kurudi kuipima hewa ya miezi ile. Keeling alifariki mwaka 2005. Mwanawe Ralph anaiendeleza kazi katika taasisi ile ile. Serikali gani, au mradi gani wa miaka 3, ungeweza kubeba jambo hilo vizazi viwili?

Ndiyo maana naitetea jubilei. Ni nadra wahitimu, wafadhili, baraza la chuo na wanafunzi kukaa chini ya paa moja, na ahadi iliyotolewa mbele yao wote ina watu wa kuidai. Tusidharau kudai: Harvard ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaachana na uwekezaji katika makaa ya mawe, mafuta na gesi baada ya wanafunzi na wahitimu kuishinikiza kwa miaka mingi.

Kwa hiyo mahema yasimamishwe, na wageni waje. Lakini ratiba iwe na kipengele cha mfuko wa kudumu wa upimaji, na kabla keki haijakatwa tusomewe jina la mtu atakayemwagilia miche ile wakati wa kiangazi, pamoja na fungu litakalomlipa mshahara.