Kodi ya jengo analipa mpangaji

Mwandishi wa makala moja ameisifu kodi ya majengo hapa Tanzania, inayokatwa ukinunua umeme wa LUKU (wa kulipia kabla), eti ni rahisi kukusanya. Rahisi kweli, umeme hakuna anayeukimbia. Ilianza Agosti 2021 kwa Sh1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda hadi 1,500. Ila aje huku kwetu uswahilini aone. Wapangaji watano, mita moja. Zamu ya kununua umeme ikikuangukia mwanzo wa mwezi, elfu tano yako imeshamegwa kabla hujaona uniti. Nilimwomba mwenye nyumba anirudishie, akaniuliza kwani huo umeme anatumia yeye? Jengo lake, lakini kodi yangu!

Tuliambiwa mpangaji atamalizana na mwenye nyumba wake. Haya, nani agombane naye kwa 1,500 wakati pango la miezi sita limebakiza wiki mbili? Kulipa sikatai, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 naitoa kila nikinunua sabuni. Ila kama namba ya mita inajulikana, na mwenye jengo anajulikana, kwa nini deni lisiende kwenye simu yake?