Umemkatia Mama Tiketi ya Ndege. Na Begi Je?

Juzi pale uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, kwenye foleni ya kaunta mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa makamo: sweta, vitenge viwili, begi limefungwa kamba juu ya zipu. Kijana akasoma mzani, akasema kwa adabu kabisa, "Mama, mzigo umezidi." Mama akamtazama. "Umezidi nini, mwanangu? Si mchele tu huo."

Nyuma yetu watu wakaanza kusonya. Bwana mmoja mwenye begi la magurudumu akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba wengine wangebaki tu na mabasi yao. Nilimkasirikia huyo, ndiyo, lakini hasira yenyewe hasa ilisafiri mpaka Dar es Salaam, kwa yule aliyekata tiketi ile.

Maana najua ilivyokuwa, na wewe unajua. Binti kajifungua, mama anatakiwa haraka, watoto wanachanga kwenye grupu la familia, mmoja anaingia mtandaoni na kuchagua tiketi ya bei ya chini kuliko zote. Inatumwa WhatsApp kwenye simu ya kitinda mimba, karatasi ya Kiingereza yenye maandishi kama mayai ya chawa. Simu inapigwa: "Mama, Jumanne unapanda ndege!" Vigelegele. Kazi imeisha. Hakuna aliyemwambia kwamba begi la mkononi mara nyingi mwisho ni kilo 7, la kupakia kilo 23, na kwamba tiketi ya bei poa wakati mwingine haina kabisa begi la kupakia. Yeye anajua basi. Kwenye basi mzigo ni maelewano: unamsalimia konda, debe linaingia kwenye buti, mkungu wa ndizi unalala juu yake, safari. Sasa anasimama mbele ya mzani, watu wakimtazama, anafungua pindo la kitenge alikofunga hela, analipia kilo zilizozidi. Mnaona raha?

Haya, kwa shingo upande nakubali: kijana wa kaunta hana kosa. Songwe iko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, na ndege hairuki kabla uzito haujapigiwa hesabu. Sawa. Ila hesabu hiyo mama akutane nayo kaunta?

Na hiyo "Mbeya" mnayoibonyeza kwenye simu mkiwa Sinza, mnadhani uwanja uko nyuma ya nyumba? Ule wa zamani ndio ulikuwa mjini. Tangu 2012 ndege zinatua Songwe, nje ya jiji, njia ya Tunduma. Mama anayetoka Kyela anapanda milima ya Tukuyu, anashukia Uyole, anavuka jiji zima, halafu aanze kubanana na malori ya Zambia mpaka apite Mbalizi. Ukimchagulia ndege ya asubuhi, umemwamuru alale kwa watu mjini. Umempigia huyo ndugu simu? Na kaunta ikishafungwa imefungwa, hata kama ndege yenyewe anaiona pale nje. Hakuna konda wa kupigiwa ukelele.

Jina nalo: andika lililoko kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Mama zetu wana jina la ubatizo, la ukoo, la mume, na lile la mtaani, na wewe mwanawe pengine unajua la mwisho tu. Namba ya simu weka na yake. Muda ukisogezwa, au ukungu ukikataa ndege isitue, ujumbe unakuja kwako uliye kikaoni Posta. Yeye yuko njiani anatetemeka bure.

Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi. Kisu, kwenye begi la kupakia. Pawa benki kinyume chake, akae nayo mwenyewe. Ndani ya sweta avae kitu chepesi, Dar itamkaanga.

Najua mtakalosema: hata angeambiwa, mchele asingeuacha. Kweli. Mama wa Kyela haendi kwa mzazi mikono mitupu, na sitaki kuishi kwenye nchi ambayo ataanza kufanya hivyo. Basi mchele upande basi! Jumatatu gunia linakabidhiwa kwa wakala wa basi pale stendi ya Nane Nane, Mbeya, jina na simu vimeandikwa kwa kalamu nene, maparachichi mabichi ndani ya boksi lake. Jumanne mama anapanda ndege na kibegi chake cha nguo, anatembea kama waziri. Mkiona ni usumbufu kwenda stendi ya Mbezi Luis kupokea gunia usiku, mtumeni yule aliyechagua tiketi.