Usikate kabla hujajibiwa

Katika kikosi cha kukata miti, nimefanya kazi ya chini ya mti kwa miaka mingi: kushika kamba, kuburuta matawi, kulisha mashine ya kusaga matawi. Siku niliyokaribia kufa, chanzo kilikuwa neno "sawa".

Mkwezi, yule anayepanda mti na msumeno, aliita kutoka juu kwamba anakata. Wakati uleule mwenzangu akanijibu mimi "sawa!" kuhusu kamba iliyojisokota. Mkwezi akaisikia ile "sawa", akakata. Tawi likatua hatua mbili nyuma yangu. Hakukuwa na mzembe pale. Neno moja tu lilikuwa limebebeshwa kazi mbili.

Ndiyo maana nasisitiza kuwa onyo la kukata na jibu lake viwe na maneno yake, yasiyotumika kwa jambo jingine siku nzima. Marekani, kanuni ya usalama wa kazi za miti iitwayo ANSI Z133 inataka utaratibu wa kuita na kuitikia. Sisi tulichagua "Tokeni chini!" na "Chini kweupe!" Anayeitikia ni mmoja, na anaitikia baada ya kuwaona wenzake wote kwa macho. Mkwezi asiposikia jibu, hakati. Kimya kinaweza kuwa cha mtu aliyeinama chini ya tawi hilohilo.

Tawi linalodondoka kutoka mita 20 hufika chini kwa sekunde 2 hivi, likiwa na kasi ya kilomita 70 kwa saa. Mtu aliyeziba masikio na kuupa mti mgongo atakimbilia wapi? Msumeno wa mnyororo wenyewe hupita desibeli 100, kwa hiyo sauti ya mtu haifui dafu. Redio za kwenye kofia ni msaada mkubwa na ningependa kila kikosi kiwe nazo, lakini betri huisha. Ishara za mikono zikubaliwe asubuhi, kabla mtu hajapanda.

Kwenye kamba ndiko ninakoona uzembe mwingi zaidi. Gogo likishushwa kwa kamba, anayeishika anapaswa kujua mapema: aliachie lishuke taratibu au alizuie palepale? Akilizuia ghafla, shina lote hutikisika, na mkwezi amejifunga kwenye shina hilo. Swali hilo huulizwa kabla ya msumeno kuwaka. Nimeona wakwezi wakimtukana kijana kwa kuliuliza, na hilo huniudhi sana, kwa sababu anayetukanwa leo kesho atanyamaza hata akiona hatari.

Wapo wanaosema kuitana huku kunachelewesha kazi. Kunachukua sekunde chache kwa kila tawi, na mimi nazitoa kwa moyo mweupe.

Mkwezi niliyefanya naye kazi muda mrefu alikuwa na desturi moja: yeyote akipiga "Simama!", yeye huzima msumeno kwanza, kisha ndiyo anauliza. Kibarua mmoja mgeni aliwahi kusimamisha kazi bila sababu ya maana, akaona haya. Mkwezi akamshukuru kwa sauti, sote tukasikia. Alasiri kijana yule akapiga tena "Simama!" Kamba ya mkwezi ilikuwa imenasa kwenye rundo la matawi niliyokuwa nikiyasukuma mashineni kwa mikono yangu mwenyewe.