Farasi mpole, au farasi aliyesononeka?

Mgeni akiingia kwenye banda la shule ya kupanda farasi, humsifu yule aliyetulia. Amesimama peke yake chumbani, shingo imenyooka sawa na mgongo, macho wazi yakitazama pasipo kitu, masikio hayachezi. Hapigi kwato wala hang'ati mbao. Huyo ndiye anayepewa mtoto wa somo la kwanza.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, wakiwemo Carole Fureix na Martine Hausberger, waliuliza kama utulivu wa namna hii haufanani na sonona ya binadamu. Katika farasi 59 wa kazi waliowachunguza, karibu robo walionekana kwenye mkao huo. Mkao huo si usingizi. Farasi anayesinzia hulegeza shingo na kope zake hushuka. Huyu yuko macho, ila hayupo.

Kilichonishawishi mimi ni hiki: farasi hao hawakujali walipoguswa katika chumba chao, lakini walipokutanishwa na jambo gumu au geni walishtuka kuliko wenzao. Aliyeumbwa mpole angekuwa mpole kotekote. Mwaka 2016 watafiti wa Rennes wakapima usikivu kwa kuwachezea farasi sauti wasizozijua, palepale wanapoishi. Kadiri farasi alivyokaa muda mrefu katika mkao ule, ndivyo alivyozijali kidogo sauti hizo. Kwa mnyama ambaye asili yake ni kuwindwa, na masikio yake ndiyo mlinzi wake, hilo si jambo dogo.

Wanaopinga wana hoja nzito pia. Daktari hutambua sonona kwa kiasi kikubwa kwa kumsikiliza mgonjwa: hana usingizi, anajiona hafai, haoni kesho. Farasi hasemi hayo. Damu nayo haikutoa jibu jepesi, kwani farasi hawa walikuwa na kotisoli, homoni ya mkazo, kidogo kuliko wenzao, ilhali kwa watu wenye sonona homoni hiyo mara nyingi hupanda, ingawa si kwa wote. Watafiti wenyewe wanasema "hali inayofanana na sonona", na wamefanya vyema kutovuka hapo.

Hoja kali zaidi ni maumivu. Mwaka huohuo wa 2016 watafiti wa Rennes walionyesha kuwa farasi wenye maumivu sugu ya mgongo huyaangalia kidogo mazingira yao. Basi aliyezubaa pale chumbani ana huzuni, au tandiko limemuumiza mgongo kwa miaka? Huenda yote mawili, maana hata kwa mtu maumivu yasiyokoma huvuta sonona. Kusononeka, katika Kiswahili cha kila siku, ni kuumia ndani kwa ndani, na hakudai maneno.

Kwa hiyo silikatai jina, ila nisingeanza nalo. Mwenye farasi akiambiwa "ana sonona" anaweza kumtundikia mpira wa kuchezea na kuacha tandiko lilelile liendelee kumbana. Aanze na mgongo, meno, kwato na tandiko. Kisha ahesabu saa. Farasi aliye huru malishoni anaweza kula hadi saa 16 kwa siku, akitembea taratibu karibu na wenzake. Wa shule wengi hubaki chumbani karibu siku nzima, nafaka inaletwa mara chache na kwisha upesi, na jirani wanamsikia tu nyuma ya ukuta. Hapo sioni haja ya kungoja mjadala wa jina uishe ndipo aongezewe nyasi kavu na kuachiwa uwanjani na mwenzake.

Wenye shule watajibu kwamba malisho ni ghali, kwamba farasi wakichanganywa hupigana, na kwamba mtoto anahitaji mnyama asiyeshtuka. Gharama ni kweli, na wanaogombana hupatanishwa polepole. Hilo la usalama ndilo nisilolikubali. Yuleyule ambaye hakugeuza sikio ndoo ilipoanguka bandani ndiye anayeweza kuruka kwa mshtuko mfuko wa plastiki unapopeperuka uwanjani, na mtoto yuko mgongoni.