Maharage Yalivyoniumbua Makete

Mie mtu wa Tanga. Maharage ya nazi nimeyapika tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Basi nilipopelekwa Makete kufundisha fizikia, nikamwalika mkuu wa shule chakula cha mchana Jumamosi, kifua mbele.

Saa mbili asubuhi nikainjika. Saa nne maji yanatokota kwa hasira, maharage kokoto. Nikaongeza mkaa. Saa sita nikaongeza tena, nikapepea hadi majivu yakaniingia puani. Jiko zima mvuke, maharage yananitazama tu.

Saa saba mkuu kafika. Akatafuna moja, mlio wake niliusikia nikiwa upande wa pili wa meza. Akalihamishia shavuni.

"Mwalimu," akasema taratibu, "ugali wako mzuri."

Jumatatu jioni nikabeba mabaki hadi sokoni kwa mama aliyeniuzia.

"Kamwene, mama. Haya maharage ni ya mwaka gani?"

Akayabinya. "Uliyaloweka?"

"Mimi siloweki. Nachemsha."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Si ndiye wewe mwalimu wa fizikia? Unamfundisha mwanangu, kidato cha pili. Maji ya huku yanapiga kelele tu, mwalimu, hayana moto!"

Wateja wakageuka. Nikanunua nyanya nisizozihitaji, nikaondoka.

Usiku nikachukua themometa ya maabara, nikaitumbukiza kwenye sufuria inayotokota. Nyuzi 93. Nikachochea. 93. Nikapepea kama mwendawazimu. 93! Makete iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka nyuzi moja mapema, kwa kuwa hewa ya juu ni hafifu, haiyakandamizi sana. Yakishachemka hayapandi tena, hata uyawekee mkaa wa kijiji kizima. Moto wote unaondoka na mvuke. Nusu gunia langu lilikuwa limepasha joto mawingu. Na haya yote nimeyasomea, nina cheti.

Kesho yake darasani nikafuta "maji huchemka nyuzi 100", niliyoiandika mwenyewe wiki iliyopita, nikaandika upya: "maji huchemka nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari".

Nyuma kabisa mkono ukanyooshwa.

"Mwalimu, mama anauliza, yameiva?"